Kabla ya kupasua trekta, iulize maswali

Leo naweka tarakilishi kando kidogo, maana nina ugomvi na mafundi wa trekta.

Wengi mnaijua Massey Ferguson 135. Ilianza kuundwa mwaka 1964, na hadi leo utaikuta ikilima mashambani kwetu. Sasa ngoja klachi au gia isumbue, uone. Fundi hata hajawasha injini, tayari ametoa hukumu: "Hii lazima tuipasue." Yaani itenganishwe katikati, injini huku, giaboksi kule. Yetu nyumbani ilipasuliwa hivyo mvua ikiwa imeshaanza. Tukalipia klachi pleti mpya. Gia zikaendelea kusaga vile vile! Kumbe pedali tu ndiyo iliyokuwa imelegea kupita kiasi. Spana moja ingetosha, lakini majirani walikuwa wamekwisha kupanda.

Jamani, hiyo si kazi, ni kubahatisha kwa pesa za mkulima. Programu yangu ikikwama, siifuti yote nikaanza upya. Nauliza kwanza: inakwama wapi, na lini? Trekta nayo hujibu ukiiuliza.

Klachi ina makosa mawili, tena yanapingana:

1. Inateleza. Injini inanguruma lakini trekta haivuti, hasa jembe likizama. Jaribu mahali tambarare pasipo na watu: funga breki, weka gia ya juu, achilia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Kanyaga tena upesi usije ukaichoma. Kisha angalia pedali. Isiposhuka kidogo bila uzito kabla ya kukaza, klachi haifungi sawasawa, basi irekebishwe. Kama pedali iko sawa, hapo shuku pleti iliyolika au kulowa oili.

2. Haiachii. Trekta imesimama, umekanyaga hadi chini, umesubiri sekunde chache, na bado gia inasaga ikiingia. Hapa pedali huenda imelegea mno. Na kama trekta ililala miezi mingi, huenda pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu.

Je, gia inaruka yenyewe ukiwa kazini? Usilaumu klachi. Tazama springi zinazoishikilia gia, halafu meno yake. Mwaga oili kidogo uione: vipande vya chuma ni habari mbaya, na rangi ya maziwa ina maana maji yameingia. Na kelele inayoanza ukikanyaga pedali tu, mara nyingi ni beringi ya klachi.

Fundi atasema trekta ni mzee, lazima pleti imekwisha. Labda. Lakini uzee si ugonjwa, na "labda" haitoshi kunilipisha. Ninakubali jambo moja: ikithibitika kwamba ni lazima kupasua, badilisha na ile beringi, ukague pia kama oili ya injini inavuja kuelekea klachi. Kazi kubwa ni kule kufungua, kwa hiyo usifungue mara mbili.

Basi wenye trekta, fundi akisema tupasue, muulize neno moja tu: "Umejuaje?" Akikosa jibu, spana zake zirudi kwenye sanduku.