Hakuna Wingi Usio na Asili

Ipo kauli moja itumikayo sana katika madarasa ya Kiingereza, nami naiona kuwa ni kauli ya uvivu. Mwanafunzi huambiwa kwamba wingi wa majina ya Kiingereza hufanywa kwa kuongeza "s" mwishoni. Kisha hupewa orodha ya majina yaliyoasi: "foot", "child", "ox", "sheep". Akiuliza sababu, hujibiwa kwamba hayo hayana kanuni, basi na ayakariri. Akikosea, huchekwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na huenda nikaulizwa yanihusu nini. Yanihusu kwa kuwa mwanafunzi huyo huyo hunijia baadaye akiamini mambo mawili: kwamba lugha ni kitu cha kukariri, na kwamba ngeli zetu ni mzigo, hali Kiingereza chatosheka na herufi moja. Yote mawili si kweli.

Tuitazame kwanza hiyo "s". Katika "cats" hutamkwa s, katika "dogs" hutamkwa z, na katika "buses" huongeza silabi nzima. Wala haikutawala tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, mwisho wa "-as" ulikuwa wa kundi moja tu la majina. Kundi jingine lilifanya wingi kwa "-an", nalo ndilo lililotuachia "oxen". Jingine halikubadilika kabisa, na humo ndimo alimobaki kondoo wao, "sheep". Vivumishi navyo vililifuata jina kwa jinsi yake na kwa idadi yake. Je, aliyezizoea ngeli aweza kuyashangaa hayo?

Ama "feet", asili yake ni sauti. Zamani sana wingi wa neno hilo ulikuwa na i mwishoni. I hiyo ikaivuta o ya shina hata ikawa e, kisha yenyewe ikapotea, na badiliko likabaki. Sisi nasi twasema "jino" na "meno", "mwizi" na "wezi", kwa kuwa a ya kiambishi imekutana na i ya shina, zikazaa e. Njia si ile ile, lakini chanzo ni kimoja: sauti huathiri jirani yake. Na "children" ni wingi juu ya wingi: neno la kale "cildru" lilikuwa wingi tayari, watu walipousahau wingi huo wakatia n juu yake, kama kwamba sisi tungesema "mawatu".

Hata makosa yao yafanana na yetu. Neno "pease", jina la njegere, lilikuwa la umoja. Watu wakadhani sauti yake ya mwisho ni alama ya wingi, wakaikata, wakapata "pea". Wazee wetu nao walipolipokea neno "kitabu" kutoka Kiarabu, ambako wingi wake ni "kutub", waliidhani "ki" ya shina kuwa kiambishi, wakasema "vitabu". Kosa ni lile lile. Au tuseme, akili ni ile ile.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Jean Berko, alitangaza uchunguzi wake juu ya watoto wadogo. Aliwaonyesha picha ya kiumbe cha kubuni, akakiita "wug". Kisha akawaonyesha viwili. Watoto wengi walisema "wugs", hali hawajapata kulisikia neno hilo kwa mtu yeyote. Basi mtoto hakariri tu, bali hushika kanuni. Mwanafunzi wetu aandikaye "childs" naye ameishika kanuni. Alichokosa ni historia, ambayo hakuna aliyemfundisha. Nasi twamcheka kwa sababu ameelewa!

Watakuwapo wasemao kwamba mtihani hauulizi historia, na saa za darasa ni chache. Nawajibu kwamba majina ya namna ya "feet" ni saba tu, ukiacha yaliyoundwa kutokana nayo: "man", "woman", "foot", "tooth", "goose", "mouse" na "louse". Kipindi kimoja chatosha. Na aliyefundishwa hivyo hataandika "mongeese" kwa wingi wa nguchiro, maana atajua kwamba "mongoose" ni neno lililotoka Bara Hindi, wala halikupata kukutana na ile i ya kale. Aliyekariri orodha hana la kumwongoza.

Wala sisi walimu wa Kiswahili tusijitoe lawamani. Ni wangapi kati yetu wawakaririshao wanafunzi "ulimi" na "ndimi" pasipo kuwaambia kwamba n ikikutana na l huzaa nd? Tukiyaficha hayo, twawafundisha kuidharau lugha yao kwa mikono yetu wenyewe.

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Mwalimu asiyeijua asili ya neno na aseme kwamba haijui, kisha akaitafute. Asimwambie mtoto kwamba haipo.