Mezani kwa Karani: Kitambulisho cha Bure



Juma lililopita alinijia mama mjane wa kigango kimoja cha huku kwetu Ngorongo, akaomba cheti cha ubatizo. Nikadhani mwanawe anataka kufunga ndoa. Kumbe sivyo. Alikuwa amekwenda benki kwa habari ya fedha alizoacha marehemu mumewe, wakamrudisha, kwa sababu jina lake katika kitambulisho cha taifa limepungua herufi moja, silo lile lililo katika cheti cha ndoa. Herufi moja tu! Kwa ajili yake amekwisha kuuza gunia la mpunga na kuku watatu, na fedha bado ziko benki.

Twasikia kwamba kitambulisho ni cha bure. Ni kweli, NIDA hawatozi kitu kwa cha kwanza. Ukikipoteza ndipo hulipa shilingi 20,000. Jirani zetu wa Kenya waliona makubwa zaidi. Novemba 2023 serikali yao ilitangaza kwamba kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kilipiwe shilingi 1,000 za kwao, na cha badala ya kilichopotea kipande toka 100 hata 2,000. Watu wakalalamika, mahakama ikasimamisha, na mwaka 2024 bei zikashushwa kuwa 300 na 1,000. Sisi hatukuandikiwa bei kama hizo. Lakini niambieni, nauli ya pikipiki mpaka Mkongo nani hulipa? Na kuvuka mto kwenda Utete makao makuu ya wilaya, na chakula cha njiani, na nakala za karatasi, na siku ya palizi iliyopotea? Ukifika ukaambiwa, "Mtandao hakuna, njoo kesho kutwa," basi hesabu yaanza upya. Bure hiyo yamfaa mtu aishiye karibu na ofisi.

Jambo lenyewe si la jana. Sheria ya kuandikisha watu ilitungwa mwaka 1986, NIDA ikaundwa 2008, na vitambulisho vikaanza kutolewa 2013. Kisha ukaja mwaka 2019, tukaambiwa laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba, ukasogezwa hata Januari 20, 2020. Mnakumbuka foleni zile! Katika haraka namna hiyo, anayeandika husikia jina nusu, na anayeandikwa huogopa kuuliza. Wengi walipata namba, kadi yenyewe wakaingoja miaka. Tena mwaka 2025 NIDA walituma ujumbe kwa simu, kwamba asiyechukua kadi yake iliyo tayari namba yake itafungwa. Vema, lakini yule ambaye simu yake ilichukuliwa na mafuriko ya Aprili 2024, ujumbe aliusomea wapi?

Sasa nawapeni shauri, hasa ninyi vijana mnaowapeleka wazee. Namba ile ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kosa la tarehe huingia ndani ya namba yenyewe, na kulitoa ni kazi kubwa. Bibi akisema, "Nilizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa," msiache karani abahatishe. Mafuriko yale yalikuwa 1974, na kitabu cha ubatizo chaweza kuonyesha hata siku. Njoni kwanza kwangu, tuandike jina kwenye karatasi herufi kwa herufi, mwende nayo. Na ile Fomu 1A isomwe kwa sauti kabla mzee hajatia dole gumba. Karani akikasirika, na akasirike. Nami ni karani, twajua kukasirika na kupoa.

Kuna jambo linalonisumbua. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku, huniuliza kama naweza kuwaandikia nao cheti cha namna hii. Siwezi, maana kitabuni hawamo. Mzee asiyesoma shule, wala hana kadi ya kliniki, ashuhudiwe na nani ila wazee wenzake na serikali ya kijiji? Basi mwenyekiti wa kijiji asimzungushe, wala asimdai soda kwa mhuri.

Mama yule nilimpa cheti chake. Jumatatu anavuka tena, na safari hii mwanangu wa kwanza atafuatana naye, kwa kuwa anajua kusoma.