Kabla Shule Haijaitupa Kompyuta, Kumbukumbu Yake Ipimwe

Kompyuta inapoanza kuganda katika shule ya sekondari wilayani Kyela, hukumu hutolewa upesi: imezeeka, itafutwe nyingine. Kuipeleka kwa mafundi wa Mbeya mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100, kwa kupandisha Tukuyu, na shinikizo la kununua limezidi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Naamini kuna hatua inayorukwa. Wanafunzi wanaosoma kompyuta waandike wenyewe programu ndogo ya kufuatilia michakato, yaani programu zinazoendeshwa, na matumizi ya kumbukumbu (RAM), na shule isome takwimu zake kabla ya kuamua lolote.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu. Katika Linux, mfumo unaopatikana bure, kila mchakato hupewa namba na folda yake ndani ya /proc, na faili liitwalo meminfo hueleza hali ya kumbukumbu yote. Mwanafunzi anayejua kufungua faili, kurudia hatua na kulinganisha namba anaweza, kwa mistari michache ya lugha ya Python, kuzisoma takwimu hizo kila dakika na kuzihifadhi. Ila afundishwe kuzisoma vizuri. Kiasi kilicho kitupu, MemFree, huwa kidogo hata kwenye mashine nzima kabisa, kwa sababu Linux hutumia nafasi iliyobaki kuweka mafaili yaliyosomwa karibuni, kisha huiachia programu inayoihitaji. Atakayetazama namba hiyo peke yake atashauri RAM inunuliwe bila sababu. Ya kufuatwa ni MemAvailable, yaani kiasi kinachoweza kupatikana. Ikishuka siku nzima huku matumizi ya mchakato mmoja yakipanda bila kurudi, wa kulaumiwa ni programu hiyo, si umri wa mashine.

Wapo watakaosema Windows ina Task Manager tayari, tena tangu miaka ya 1990. Itumike, lakini yenyewe huonyesha hali ya wakati ule. Haimwachii mkuu wa shule rekodi ya wiki nzima ya kuweka mezani. Wengine watahofia kwamba programu ya kufuatilia nayo italemea mashine dhaifu. Hiyo ndogo ya Python hula takriban megabaiti 10, yaani karibu nusu ya asilimia moja ya gigabaiti 2. Hoja nzito ni kwamba kipimo hiki hakigusi kila ubovu, na hakiwezi kuifanya prosesa ya zamani ikubalike kwa Windows 11. Nakubali. Hata hivyo, mashine iliyokataliwa huko huweza kuwekewa Linux ikaendelea kufundishia. Na pale ambapo rekodi inaonyesha kumbukumbu inatosha na hakuna mchakato unaoelemea, fundi anajua aanzie kwingine: diski inayochoka, au feni iliyoziba vumbi katika joto la bonde la Kyela.