Si Gundi, ni Malaika

Imekuwa ada ya wafasiri wetu, kila wakutanapo na kitu kinachoshika kingine, kukiita gundi. Ada hii inapotosha, na mbawakawa ni shahidi.

Mdudu huyu akitua, huyakunja mabawa yake laini na kuyafunika kwa yale mawili magumu. Kinachoyazuia magumu hayo yasiteleze ni vinywele vidogo mno, vilivyoota chini ya bawa na juu ya mwili. Vikikutana, hupenyana na kugusana ubavu kwa ubavu. Hapo mvutano hafifu wa molekuli, zile nguvu za van der Waals, hujumlika katika maelfu ya vinywele ukatosha kulibana bawa. Hapana utomvu wala ulimbo.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, Korea Kusini, walichapisha kazi yao ya kuiga mbinu hii kwa nyuzi za polima. Kanda mbili za nyuzi hizo zikitelezeshwa hugoma. Zikiinuliwa wima huachana kwa wepesi. Mwaka huo huo walizipaka nyuzi kama hizo platini, wakapata kihisi kinachotambua hata mpigo wa mshipa wa mkono.

Mwanafunzi akiambiwa hii ni "gundi kavu", atatafuta kimiminika kilichokauka, asikione. Istilahi itakuwa imemficha sayansi yenyewe. Wala si Velcro ya George de Mestral wa Uswisi: humo vijindoano hunasa vitanzi, na huko ni kunasa.

Lugha yetu haikukosa maneno. Tunacho kiambishi -at- cha mgusano, tunachokikariri darasani kisha tukakisahau mtihani ukiisha: kama, kamata, fumba, fumbata. Na fumba hiyo hiyo hutupa fumbua. Kufunga, kushika, kuachilia, yote katika mzizi mmoja, ndiyo kazi ya bawa lile. Napendekeza basi "mfumbatano wa malaika".

Naam, malaika. Laika ni unywele mwororo wa mwilini, neno ambalo kamusi zetu zinalo tangu zamani. Atakayehofu kuchanganya na wa mbinguni, ngeli zitamwongoza: wale *wameshuka*, haya *yamesimama*.