Hofu ya Kiti cha Meno: Mtoto Aachwe Aseme

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii yaeleza vema hali ya mtoto aliyewahi kung'olewa jino kabla ganzi haijashika. Maumivu ya siku ile yalidumu dakika chache. Lakini tangu hapo harufu ya dawa, mlio wa keekee na hata koti jeupe la tabibu humtoa jasho. Atasingizia homa, atakimbilia shambani, au atakesha shavu limevimba, ili mradi asipelekwe Musoma kutibiwa.

Hofu hiyo haistahili kuchekwa. Uozo ukiachwa hufika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya fahamu na ya damu, kisha hutunga usaha. Maambukizi yakienea hadi shingoni huweza kuhatarisha maisha. Jino ambalo lingezibwa mapema huishia kung'olewa, na mwanafunzi aliyekesha kwa maumivu hana nafasi ya kufuata somo.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ujasiri wa kijana umezoea kupimwa kwa ukimya wake. Wavulana wa Kikurya hufundishwa kutahiriwa bila kupepesa jicho. Kwa Wazanaki, vijana wa zamani walichongwa meno yakawa na ncha. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alichongwa vivyo hivyo. Basi mzee wa Butiama ana haki ya kuuliza: ikiwa babu walistahimili kuchongwa, mjukuu aogopa nini sindano moja ya ganzi?

Jibu la swali hilo limo katika desturi zenyewe. Kijana aendaye jandoni huwa amesikia habari zake tangu utotoni, huenda pamoja na rika lake, na hujua sababu ya maumivu atakayoyapata. Mtoto aburutwaye kwa tabibu wa meno aghalabu hajui lolote. Ameambiwa "hutaumia", kisha akaumia. Au siku zote ametishwa kwamba akikosa adabu atapelekwa kuchomwa sindano. Afikapo kitini yu peke yake, mbele ya vyombo asivyovijua. Akinyamaza, wakubwa hudhani hana hofu, kumbe hofu imekosa mlango wa kutokea.

Saikolojia imechunguza namna hofu hii inavyokua. Kila mtoto akwepapo matibabu, moyo wake hutulia papo hapo. Utulivu huo humfunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na safari ifuatayo hofu huwa kubwa zaidi. Dawa yake ni kukikaribia kinachoogopwa kidogo kidogo. Mwaka 1924, Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi mtoto aliyeitwa Peter alivyoondolewa hofu ya sungura kwa kusogezewa mnyama huyo hatua kwa hatua, huku akila chakula alichokipenda. Mwaka 1958, Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alichapisha kitabu kilichoieneza njia ya hatua kwa hatua katika kutibu watu wazima.

Tiba ya mazungumzo ya leo imejengwa juu ya msingi huo. Kwanza mtoto huulizwa aogopa nini hasa: sindano, mlio, kupaliwa, au kutosikilizwa? Kisha wazo lake hupimwa kama dhana ipimwavyo maabara. Akidhani kwamba atakosa pumzi kinywa kikiwa wazi, hujaribu kupumua kwa pua, akaona mwenyewe. Baadaye hupangiwa ngazi: kushika kioo cha meno, kukaa kitini bila kutibiwa, kuhesabiwa meno, kusikia keekee, na mwisho kupigwa ganzi na kuzibwa jino. Hapandi kipandio kipya kabla hajakizoea cha chini yake. Tena hupewa ishara, kwamba akiinua mkono tabibu atasimama.

Jaribio lililochapishwa Sweden mwaka 2016 lilihusisha watoto na vijana 30 wenye hofu kubwa ya matibabu ya meno. Baada ya tiba hiyo, asilimia 73 ya waliotibiwa kwa mazungumzo waliweza kupitia hatua zote za kipimo cha matibabu. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, waliofaulu walikuwa asilimia 13. Watoto 30 ni wachache, lakini tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Itasemwa kwamba wanasaikolojia ni adimu Musoma, sembuse vijijini Bunda. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya kazi hii haimngojei bingwa. Mwalimu wa baiolojia afundishaye muundo wa jino aweza pia kueleza ganzi inavyozuia taarifa ya maumivu isifike kwenye ubongo. Shule yaweza kuomba kituo cha afya kilicho jirani kiwapokee wanafunzi wasioumwa, wakaone kiti na vyombo. Mzazi aweza kuacha kumtisha mtoto kwa sindano, na kumwambia ukweli: patachoma kidogo, kisha pataisha.

Tanzania yenyewe imekwisha kutoa mchango wake. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba jino kwa simiti inayonata, bila keekee na mara nyingi bila sindano. Njia hiyo sasa yajulikana duniani kote. Iliundwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, lakini kwa mtoto mwoga ina faida nyingine: humwondolea mlio na sindano.

Mazungumzo hayachukui nafasi ya ganzi, wala shavu lililovimba halingoji vikao kumi. Hilo lapaswa kutibiwa siku hiyo hiyo. Lakini mtoto ambaye bado haumwi ana muda wa kuulizwa na kusikilizwa. Ujasiri wa Mara ni urithi mwema, na hautapungua kijana akiruhusiwa kusema, kabla hajafungua kinywa kwa tabibu, kwamba anaogopa.