Silaha za maangamizi na mchuuzi wa mpakani

Rafiki yangu aliyerejea Kampala baada ya miaka mingi ughaibuni aliniuliza juzi: silaha za nyuklia zinatuhusu nini sisi tunaohangaika na ushuru wa Busia na Mpondwe? Nilimjibu kwamba zinatuhusu sana.

Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo. Mwanzoni mwa 2004 serikali ya Kinshasa iliwapiga marufuku wachimbaji wadogo waliokuwa wakisaka kobalti humo. Julai mwaka huohuo, sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Marufuku ilikuwepo, na watu walikuwemo.

Aprili 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1540, linaloitaka kila nchi kuzuia silaha za nyuklia, kemikali na za kibiolojia zisifike mikononi mwa magaidi, na kudhibiti mipaka yake. Uganda ilitunga Sheria ya Nishati ya Atomiki mwaka 2008, na mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika, ulianza kutumika 2009.

Haya yote ni mema. Lakini nipitapo Katwe na kuona marundo ya vyuma chakavu, hukumbuka Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Huko watu walichukua mashine ya tiba kutoka hospitali iliyohamwa, wakaiuza kama chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa mionzi unaong'aa gizani; watu wakagawiana. Wanne walikufa.

Mchuuzi ndiye anayeigusa shehena kwanza, kabla ya afisa yeyote. Je, akikuta kopo zito lenye alama ya mionzi, ataripoti? Akihofia kunyang'anywa mzigo wote na kulala mahabusu, atanyamaza, na azimio la New York litabaki karatasi.

Kwa maoni yangu, serikali za Afrika Mashariki zibandike alama hiyo na maelezo yake kwa Kiswahili kila kituo cha mpakani, na zimhakikishie anayeripoti kwa nia njema kwamba hatageuzwa mtuhumiwa. Nawe ndugu mfanyabiashara, ukiiona, usifungue. Kaa mbali, toa taarifa. Kinga ni bora kuliko tiba.