Mgonjwa Aliyekaa Katikati: Sheria ya Pikipiki na Dhamana ya Zahanati

Katika kata ya Gorong'a, wilayani Tarime, mkoani Mara, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la watu wengi. Kata hiyo ni miongoni mwa zile zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Njia nyingi ziendazo majumbani ni za udongo, nyembamba, zilizokuwa za ng'ombe kabla ya kuwa za magurudumu. Mama akishikwa na uchungu usiku, au mzee akipoteza nguvu za upande mmoja wa mwili, simu ya kwanza hupigwa kwa kijana wa bodaboda.

Mgonjwa asiyejiweza hawezi kukaa peke yake nyuma ya dereva. Kwa hiyo huwekwa katikati, na ndugu yake hukaa nyuma kumshikilia. Watatu juu ya pikipiki moja ni mishikaki, na sheria inaikataza: pikipiki ya biashara hubeba abiria mmoja tu. Je, familia hiyo imetenda kosa au imetenda wema? Imetenda yote mawili, na sekta ya afya haina haki ya kuendelea kulifumbia macho jambo hilo kana kwamba linawahusu askari wa usalama barabarani peke yao.

Masharti yenyewe si magumu kueleweka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inamtaka dereva awe na leseni ya daraja linalohusu pikipiki. Dereva na abiria wote wawili wanatakiwa kuvaa kofia ngumu. Chombo chenyewe lazima kisajiliwe na kiwe na bima, walau ile inayomlinda mtu wa tatu, kama inavyoagizwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji pia leseni ya usafirishaji, inayosimamiwa na LATRA. Na yule anayetaka kukatiza porini kufupisha safari akumbuke kwamba kuingia hifadhini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282.

Wapo wanaoamini kwamba masharti hayo ni ya lami, na kwamba pasipo na trafiki hapana sheria. Hata kama wanasheria wangebishana iwapo kijia cha kwenda mtoni kinastahili kuitwa barabara, fuvu la kichwa halisubiri hukumu yao. Jiwe la kando ya kijia huvunja mfupa sawasawa na ukingo wa daraja mjini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kwa mkazi wa Gorong'a faida hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu jeraha la ubongo linalohitaji upasuaji humpeleka mbali sana na nyumbani, pengine hadi Bugando, Mwanza, na kila saa inayopotea njiani ina gharama yake.

Abiria wengi huikataa kofia ya dereva kwa kuogopa jasho, chawa au fangasi wa kichwani. Hofu hiyo si upuuzi, ila dawa yake ni kitambaa safi cha kufunga kichwani kabla ya kuvaa kofia. Na kofia isiyofungwa kamba kidevuni hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini.

Kukosa leseni na bima nako huzaa ugonjwa. Dereva asiye na karatasi hizo hupata kila sababu ya kuificha ajali. Majeruhi hufikishwa zahanati akisemwa kuwa ameteleza nyumbani au ameanguka mtini, ili fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, isitajwe. Mganga aliyedanganywa hawezi kukisia nguvu ya pigo, na huenda akamruhusu mtu ambaye damu inavuja taratibu ndani ya fuvu lake. Kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, au majimaji yatokayo puani na masikioni ni dalili za kumrudisha hospitali mara moja. Bima nayo ikikosekana, majeruhi hupoteza njia ya kudai fidia, na ng'ombe wa familia huuzwa kulipia kosa la mwingine.

Wapo watakaoshauri kwamba sheria ilegezwe, pikipiki ya mgonjwa iruhusiwe kubeba watu watatu. Ushauri huo una huruma, lakini unamtupa mgonjwa yule yule unaotaka kumsaidia. Aliyepoteza fahamu na kuketishwa wima kichwa kikiinamia kifuani anaweza kuzibwa njia ya hewa. Aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kupooza kwa mitikisiko ya njia. Mwenye kifafa cha mimba anaweza kushikwa na degedege chombo kikiwa mwendoni, na wote watatu wakaanguka.

Linalopasa ni kuitengeneza safari kabla ya dharura. Mama mjamzito apangiwe tangu kliniki atasafiri kwa nini na pamoja na nani, na anayeishi mbali asogee karibu na kituo cha afya siku zinapokaribia. Familia zifundishwe kupiga 115 bila malipo, namba ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga katika dharura. Kwa wagonjwa wengine, machela hadi mahali gari linapofika ni salama kuliko kiti cha katikati. Serikali za vijiji nazo ziweke orodha ya madereva wenye leseni, bima na kofia mbili, waliofundishwa huduma ya kwanza, na orodha hiyo ibandikwe ukutani zahanati.

Mzigo mkubwa zaidi uko mezani kwa mtoa huduma. Anayeandika karatasi ya rufaa kisha akasema "tafuteni boda" amechagua chombo cha kumsafirishia mgonjwa, atake asitake. Hana budi kuuliza ni boda gani, inaendeshwa na nani, na kama mgonjwa anaweza kuketi na kujishika mwenyewe kwa safari nzima. Jibu likiwa hapana, rufaa hiyo haijakamilika, hata kama wino umekauka na mhuri umegongwa.